Lori la Timu na Homa ya Sudi

Siku mliyokusanyika gereji kuniaga mlitaka niseme neno, nikasimama na kikombe cha chai mkononi nikashindwa. Mliuona mkono ukitetemeka mkadhani ni huzuni. Ilikuwa hofu. Kusema mbele za watu kunanitisha kama linavyonitisha lori lililoegeshwa penye mteremko, na yako mengine mengi mtakayoyasoma hapa. Kwa hiyo naandika. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika na kuuchana hata mke wangu amezificha karatasi zilizobaki, ananipa mojamoja.

Najua mtu wa umri wangu hastaafu. Wenzangu niliosoma nao chuo cha Kurani ndio kwanza wanajenga nyumba. Lakini daktari aliniwekea chombo chake kifuani, akasikiliza, akasikiliza tena, akaniambia moyo wangu unakwenda kama wa mtu anayekimbizwa, na kwamba nikiendelea kuzungusha hendeli utasimama siku moja. Nikamjibu kwamba nimekuwa nikikimbizwa tangu siku ya kwanza kazini. Hakucheka.

Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Hizo mtazijua wenyewe, na hazimwokoi mtu barabarani.

Niliingia kazini wakati wa vita. Malori mazuri yalikuwa yamechukuliwa na jeshi, tukabaki na vikongwe. Betri zilikuwa adimu, kwa hiyo kila gari liliwashwa kwa hendeli, kile chuma kilichopinda unachokichomeka mbele ya injini na kuzungusha kwa nguvu za mgongo. Nilikuwa sijui gari. Hata kusoma herufi za Kizungu nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama maandishi ya milango ya malori na makopo ya oili. Mpaka leo naweza kuandika "grisi" kwa Kiingereza bila kosa, lakini barua ya lugha hiyo siwezi.

Aliyenipokea ni Fundi Athmani, mtu wa Kibokoni, mfupi, mpole, aliyevaa kofia nyeupe ya viua siku zote na haikushika hata tone la oili. Vipi, sijui. Mimi nilikuwa nikichafuka kwa kulitazama gari tu.

"Nionyeshe dole gumba," aliniambia siku hiyo ya kwanza.

Nikamwonyesha.

"Walipenda hilo?"

"Naam, Fundi. Nalipenda."

"Basi usilizungushe upande wa pili wa hendeli kama ushikavyo mchi. Liweke pamoja na wenziwe. Hendeli yapiga teke kama punda. Likikukuta umeishika kwa gumba, gumba utalikuta kwenye mtaro."

Usiku huo niliota dole gumba langu likielea mtaroni. Tangu hapo sikuwahi kushika hendeli bila kwanza kuyahesabu madole yangu kwa macho. Mlikuwa mkinicheka. Chekeni, lakini wekeni gumba pamoja na wenziwe.

Kazi yangu ilikuwa kutunza hendeli za magari yote na kukagua kila gari kabla halijatoka: maji, oili, nati za magurudumu, breki. Kila gurudumu la lori lililoegeshwa niliwekea kabari ya mti, kisha nilikwenda nyumbani, nikifika mlangoni nikageuka kurudi kuangalia kama kabari ziko. Zilikuwa ziko. Fundi Athmani alinikuta jioni moja nimepiga magoti mbele ya gurudumu, akaniuliza kama nimekosa kibla.

Vita vilipokwisha, kampuni ikaanza kutaka sifa za mpira. Nyinyi mmeikuta desturi hii tayari mkaiona ya kawaida, lakini wakati huo ilikuwa mpya. Timu za mji zilikuwa za makampuni, na kijana akipiga mpira vizuri huajiriwa kwa mguu wake. Karatasini huandikwa dereva au taniboi, yule msaidizi wa dereva, au karani, lakini kazi yake hasa ni Jumamosi uwanjani. Kampuni yetu ilikuwa ya malori, basi wachezaji wetu wakawa madereva. Hakuna aliyeuliza kama wanajua kuendesha.

Ndivyo alivyotujia Sudi, winga wetu wa kushoto. Sijaona mtu kama yeye. Akipita na mpira pembeni mwa uwanja, watu waliokaa chini husimama bila kujua wamesimama. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye meno meupe, mtoto pekee wa mama mjane wa Mji wa Kale aliyeheshimiwa na kila mtu. Siku ya kwanza alipokuja kuchukua hendeli kwangu alinikuta nakagua nati za gurudumu kwa mara ya pili.

"Bwana harusi ndiwe," akasema, "au ndiwe bi harusi? Maana huko kupapasapapasa!"

Gereji nzima wakacheka. Tangu siku hiyo jina langu likawa Bi Harusi. Sikukasirika. Sudi alikuwa akikutania unajiona umepewa kitu.

Lakini Sudi alikunywa. Yeye na baadhi ya wenzake walivuka daraja la Nyali kwenda bara, huko Kisauni, kwenye mangwe, vile vibanda vya kuuzia tembo la mnazi. Walikwenda na lori la kampuni, wakarudi nalo. Na hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu hili ndilo lililotutia hatarini kuliko tembo lenyewe. Hakuna aliyesema Sudi amelewa. Neno hilo halikutamkwa. Mtoto wa watu, Mwislamu, mama yake anatajwa kwa heri katika kila nyumba: nani angelisema? Kumsitiri mwenzio ni wema tuliofunzwa tangu utotoni. Kwa hiyo akipepesuka tulisema ana homa. Akigonga lango la gereji, homa. Akilala juu ya usukani mchana, "Mwacheni maskini, homa imempanda." Mji wote ulikuwa ukimpa pole mtu mzima kama simba.

Nami nilisema hivyohivyo. Nilikuwa nikimpa hendeli huku nikimwuliza, "Homa yako ikoje leo?" Naye alinijibu, "Alhamdulillahi, imepungua," na pumzi yake ingeweza kuwasha injini bila hendeli.

Kisha ikaja Marikiti. Ilikuwa asubuhi ya siku baada ya mechi, sokoni kumejaa. Sudi alileta lori pale penye makapu ya mboga na mikokoteni ya mahamali, hakulisimamisha. Hamali mmoja aliruka, mkokoteni wake ukapondwa ukawa kuni. Kelele zilitufikia gereji; nilifika mbio kwa miguu, Fundi Athmani nyuma yangu, nikamkuta yule hamali amekaa kwenye ukingo wa barabara anajishika miguu, wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena, kuona kama yote miwili ni yake. Sura yake imeniganda mpaka leo. Watu walikuwa wamemzunguka Sudi wanampepea.

"Breki," mtu mmoja akasema.

"Breki zimekataa," wakaitikia wote.

Niliingia chini ya lori palepale, sokoni, katikati ya nyanya zilizopondeka. Breki zilikuwa nzima. Nilizikaza mwenyewe jana yake, Fundi Athmani akanisimamia. Nikatoka na matope usoni nikafungua kinywa, nikahisi mkono wa Fundi begani.

"Nyamaza," akaninong'oneza.

"Fundi, breki ni nzima!"

"Naijua kazi yangu. Mtoto wa watu yule. Ukisema, mamake atauweka wapi uso wake?"

"Na wako, Fundi?"

"Wangu umeshazoea jua."

Basi breki zikawa mbovu, na aliyezitengeneza akawa Fundi Athmani. Msimamizi alimkaripia mbele yetu. Vijiwe vya kahawa vya Makadara vikapata mzaha mpya: kitu kisichofanya kazi kikaitwa "breki ya Athmani." Mtu mwenye ndoa mbaya, breki ya Athmani. Mwavuli unaovuja, breki ya Athmani. Fundi mwenyewe aliusikia, akaendelea kunywa kahawa yake. Mimi nilikuwa silali. Nilifumba macho nikamwona yule hamali, na safari hii hakuruka.

Nikaanza kutafuta njia. Nilikwenda kwa Zakaria, kipa na kepteni wetu, Mkristo aliyekuja kutoka bara kufanya kazi ya reli kabla ya kuhamia kwetu. Alikuwa mtu mkubwa, mkimya, asiyeonja pombe. Nilimweleza kwa kuzungukazunguka, homa hivi, homa vile, mpaka akachoka.

"Ndugu yangu," akasema, "nyinyi watu wa pwani mna adabu sana. Siku moja adabu itaua mtu."

Alikubali kunisaidia. Kwanza tulijaribu kahawa chungu na ukwaju. Tulipata walevi waliochangamka. Halafu Zakaria akaleta shauri la mtihani: mchezaji asipewe hendeli mpaka auchezeshe mpira kwa miguu bila kuuangusha. Nililipenda sana. Lilikuwa na haki, halikumvunjia mtu heshima, na lilikuwa na mpira ndani yake. Jioni ya kwanza Sudi alikuja kuchukua hendeli na homa kali, macho mekundu kama ya kasa. Tukampa mpira. Akaupiga kwa paja, kwa kisigino, kwa kichwa, akauweka shingoni, akavua shati mpira ukiwa bado shingoni. Mahamali waliokuwa wakipita wakasimama kushangilia. Alipomaliza akaninyoshea mkono. Nikampa hendeli. Alipogeuka kwenda kwenye lori akajigonga na nguzo.

Nilimsimulia Fundi Athmani. Alicheka mpaka kofia ikamwinama.

"Mguu haulewi," akasema. "Mguu umefunzwa. Kinacholewa ni jicho na moyo. Mpe mtihani wa kungoja. Mlevi hawezi kungoja."

Lakini hakuna aliyemngojesha Sudi.

Nikaacha kuwapa hendeli jioni. Wakajifunza kuliwasha lori kwa kulisukuma. Wakati huo ndipo nilipoikumbuka rota. Mnaijua: kile kidude kidogo cheusi ndani ya kofia ya distributa, kinachozunguka na kuigawia moto kila plagi. Kinaenea katika kiganja cha mtoto. Kikiwa hakimo, sukuma lori mpaka Voi, haliwaki. Nikaazimia kwamba popote timu itakapokwenda na lori, nami nitakwenda kama mtunzaji wake, na pombe ikianza, rota itaingia mfukoni mwangu. Hakuna atakayeaibika. Lori litakuwa limeharibika, watarudi kwa miguu, na mimi nitasema pole. Niliona nimemaliza kila kitu. Mtu mwoga huona hatari mia, na akishaziba mia hujisifu, asiione ya mia na moja.

Siku ilikuja. Tulikuwa tumeshinda kikombe, Sudi kafunga bao la ushindi, na kesho yake, Jumapili, timu ikapewa lori kwenda kusherehekea bara. Zakaria alikwenda, mimi nilikwenda, na mashabiki wakajaa nyuma na ngoma yao. Lori tuliliegesha chini ya minazi, mbali kidogo na daraja. Walipoanza kunywa, nikafungua boneti kama mtu anayekagua maji, nikaitoa rota. Ilikuwa na joto bado. Nilikaa nayo mfukoni nikiipapasa mpaka jasho la mkono likailowesha.

Alasiri wakataka kurudi. Sudi akapanda mbele, akashika usukani. Hendeli ikazungushwa, kimya. Ikazungushwa na kila mwenye mkono, kimya.

"Poleni," nikasema. "Magari haya yamezeeka."

"Sukumeni!" Sudi akapaza sauti.

Wakasukuma barabara tambarare wakiimba. Kimya. Nikaanza kupumua. Hapo Sudi akatoa kichwa dirishani.

"Lisukumeni mpaka darajani! Kwenye mteremko! Tuliachie liteleme, litawaka lenyewe!"

Wakashangilia, wakapanda nyuma wengine, wengine wakasukuma. Mnalijua daraja lile, linaelea juu ya matishari ya chuma. Maji yakijaa, hulala sawa na barabara. Yakikupwa, daraja hushuka pamoja na maji, na njia ya kuliingilia huinama kama paa la makuti. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa. Na mimi, mwenye akili nyingi, nilikuwa nimelinyima lori injini, likabaki na uzito wake, mteremko, na mguu wa mtu asiyeona vizuri juu ya breki. Pembeni kulikuwa na ukingo mwembamba, kisha mkondo.

Nilikimbia. Niliwapita wanaosukuma, nikalipita lori, nikasimama mbele ya magurudumu pale mteremko unapoanzia. Sikuwa hata na kabari. Nilinyosha mikono kama askari wa barabarani.

"Bi Harusi!" Sudi akapiga kelele akicheka. "Toka! Utajipondesha!"

"Haliwaki," nikasema. Sauti haikutoka. Nikaitoa rota mfukoni nikaiinua. "Haliwaki! Rota ninayo mimi!"

Ngoma ikanyamaza. Lori bado lilikuwa likija, polepole, kwa ile kasi ya kusukumwa.

"Lete hiyo," Sudi akasema. Hakuwa akicheka tena.

"Sileti."

"Wanifanyia nini, ndugu yangu? Mbele za watu?"

"Umelewa, Sudi."

Nililisema. Miaka yote hiyo mji mzima ulizunguka neno hilo kama watu wanavyozunguka kisima usiku, nami nikatumbukia. Nililirudia, kwa sababu la kwanza sikuamini kama limetoka. "Umelewa. Huna homa. Umelewa."

Wale waliokuwa wakisukuma wakaachia. Hilo sikulitarajia. Lori, badala ya kusimama, likaanza kwenda lenyewe. Niliona uso wa Sudi nyuma ya kioo, nikaona anatafuta kitu kwa mguu, anatazama chini, anatafuta, na lile bamba la mbele likanigusa kifuani. Halikuniumiza. Lilinigusa tu, kama mtu anayetaka kupita, na likaendelea kuja, nami nikawa narudi nyuma viatu vikiteleza. Mguu ule uliocheza na mpira kama nilivyowaeleza haukuweza kuipata breki.

Zakaria ndiye aliyeipata. Alirukia mlango, akamlalia Sudi magotini, akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Lori likasita, likatulia. Magurudumu ya mbele yalikuwa tayari kwenye mteremko.

Wa nyuma wakashuka mmojammoja, taratibu, kama wanaotoka matangani. Tukatafuta mawe tukayaweka chini ya magurudumu. Zakaria alibaki na mkono juu ya ile breki.

"Sudi," akamwuliza, "pale Marikiti ilikuwa breki?"

Sudi alikuwa amekaa na mikono mapajani. Akatazama mbele, daraja lile lote. Watu walikuwa wakimngoja, na safari hii hakuna aliyemjibia.

"La," akasema. "Breki za Fundi ni nzima."

Tulivuka kwa miguu. Katikati ya daraja Sudi aliinamia ukingo akatapika, nikamshika mshipi nyuma asianguke. Alinitoa mkono wangu. Nikamshika tena. Akaniacha, lakini hakugeuka.

"Mamangu atasikia," akaniambia. "Leo hii atasikia. Umeniua."

Nilikuwa nashikilia mshipi.

Kesho yake nilikwenda na Fundi Athmani kulichukua lori. Habari zilikuwa zimetutangulia. Njiani watu waliokuwa wakimfanyia mzaha walimwamkia kwa heshima, na mmoja akamtaka radhi. Mzee alijibu kila mmoja, akaendelea kutembea mbele yangu mpaka tulipofika.

"Umemvua nguo mtoto wa watu," akasema.

"Naam, Fundi."

"Kwa ajili yangu?"

"La, Fundi. Kwa sababu niliogopa."

Alilizunguka lori, akayatazama mawe chini ya magurudumu, akatazama umbali uliobaki mpaka ukingoni. Kisha akanyosha kiganja, nikampa rota, akaipanguza kwa ncha ya kanzu yake na kuirudisha mahali pake mwenyewe.

"Zungusha," akaniambia. "Na gumba lako."

Baada ya hapo msimamizi aliweka amri kwamba lori la timu liendeshwe na dereva asiyecheza na asiyekunywa, na hendeli na rota vikae kwangu. Ndiyo desturi mliyoikuta, na ambayo baadhi yenu mmeshaanza kuilegeza kwa sababu hajafa mtu. Hajafa mtu kwa sababu ya desturi hiyo. Msichukue rota tu mkadhani mmemaliza. Tieni kabari kwanza, kisha semeni neno lenyewe mapema, gari likiwa tambarare, mtu mkiwa naye peke yenu, kabla halijahitaji kusemwa mbele ya ngoma.

Sudi hakucheza tena kwetu. Alikwenda kwenye timu nyingine ya mji, wakampa kazi ya ghala. Kama anakunywa sijui, na sithubutu kuuliza. Mama yake alifunga dirisha la barabarani kwa kitambo, halafu akalifungua.

Sasa sina kazi, kila asubuhi nakaa barazani kwetu. Sudi hupita hapo akienda kazini kwake, kwa miguu, kanzu safi. Huwaamkia majirani wote, mmoja baada ya mmoja, na wazee, na watoto, na hata yule muuza mkaa kiziwi. Mimi hunipita kama ukuta. Katika mji huu mtu akikunyima salamu amekuzika. Nami kila asubuhi, moyo ukinienda mbio, hukaa kungoja anipite.